Anwani ya DMA

Anwani ya DMA ni namba ambayo kifaa cha kompyuta, kama vile kadi ya mtandao, diski au kamera, hutumia kufikia mahali fulani katika kumbukumbu bila kupitia prosesa. Kifupisho DMA kinamaanisha ufikiaji wa kumbukumbu wa moja kwa moja. Namba hiyo hutolewa na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na hupewa kiendeshaji cha kifaa (draiva). Kiendeshaji nacho huiandika katika rejista za kifaa kabla ya kazi kuanza.

Anwani ya DMA si lazima ilingane na anwani ambayo programu hutumia kwa kumbukumbu ileile, wala na namba halisi ya mahali hapo katika RAM. Kwa sababu hiyo kiendeshaji hakitakiwi kuikokotoa chenyewe, bali kuiomba kwa kerneli. Kosa katika jambo hili lina madhara makubwa: kifaa kilichopewa anwani isiyo sahihi huweza kuandika data juu ya kumbukumbu ya programu nyingine, na prosesa haitambui kwamba jambo hilo limetokea.

## Sababu ya kuwepo kwa DMA

Bila DMA, kila kipande cha data kinachotoka kwenye diski lazima kisomwe na prosesa kutoka rejista ya kifaa, kisha kiandikwe katika kumbukumbu. Kazi hiyo hurudiwa maelfu ya mara kwa faili moja, na wakati huo prosesa haifanyi kazi nyingine.

Kwa njia ya DMA, prosesa hutoa maagizo matatu tu: mahali pa kuanzia, kiasi cha data na upande wa kuihamishia. Kifaa, au kidhibiti cha DMA kilicho karibu nacho, huhamisha data chenyewe. Kikimaliza hutuma ishara ya ukatizaji ili kuijulisha prosesa kwamba kazi imekwisha.

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia kidhibiti cha Intel 8237 chenye njia 4. Katika modeli ya PC/AT ya mwaka 1984 anwani za DMA zilikuwa na biti 24, hivyo kifaa hakikuweza kufika mbele ya megabaiti 16 za kwanza. Kikomo hicho kiliacha alama hadi leo: Linux bado ina eneo la kumbukumbu liitwalo ZONE_DMA, ambalo kwenye kompyuta za aina ya PC ni megabaiti hizo 16. Baada ya njia ya data ya PCI kuanza kutumika miaka ya 1990, vifaa vingi vilipata uwezo wa kuendesha uhamishaji vyenyewe bila kidhibiti cha pamoja.

## Aina tatu za anwani

Mahali pamoja katika kumbukumbu huweza kuwa na anwani tatu tofauti kwa wakati mmoja.

- Anwani pepe ni ile inayotumiwa na programu na na msimbo wa kerneli. Hubadilishwa na kitengo cha usimamizi wa kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa kabla ya kufika kwenye RAM.
- Anwani halisi ni ile inayotoka upande wa pili wa kitengo hicho. Ni namba ya mahali kama prosesa inavyopaona.
- Anwani ya DMA, au anwani ya basi, ni namba ya mahali hapohapo kama kifaa kinavyopaona kutoka upande wake wa njia ya data.

Katika kompyuta nyingi za mezani za zamani anwani halisi na anwani ya DMA zilikuwa namba moja. Waandishi wa viendeshaji walizoea kuchukua anwani halisi na kuipeleka kwenye kifaa jinsi ilivyo. Mazoea hayo hayafai katika mashine zenye IOMMU, yaani kitengo kinachobadilisha anwani za vifaa kama vile kitengo cha prosesa kinavyobadilisha anwani za programu. Hapo kerneli hukipa kifaa namba ambayo haina uhusiano wowote na namba ya RAM. Hayafai pia katika vifaa vidogo vingi ambavyo waundaji wake walisogeza kumbukumbu mahali pengine kwenye njia ya data.

## Mfano wa anwani za barua

Tofauti ya anwani hizi inafanana na jinsi barua zinavyowafikia watu wa vijijini nchini Tanzania. Familia inayoishi Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro katika wilaya ya Moshi, hutambulikana kwa namna tatu. Majirani husema ni kihamba kilicho chini ya mfereji, baada ya kanisa. Serikali hutumia namba ya nyumba na jina la barabara, hasa tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Posta hutumia S.L.P., yaani namba ya sanduku lililoko katika ofisi ya posta.

Maelezo ya majirani ni kama anwani pepe. Yanaeleweka kwa walio ndani ya ujirani huo tu, na kijiji kingine huweza kuwa na kihamba chake chini ya mfereji baada ya kanisa. Namba ya nyumba ni kama anwani halisi. S.L.P. ni kama anwani ya DMA: ndiyo namba pekee ambayo mpeleka mzigo anaielewa. Hakuna hesabu ya kupata namba ya sanduku kutokana na namba ya nyumba. Lazima kuiuliza posta, ambayo ndiyo iliyoigawa. Namba ikikosewa tarakimu moja, barua haipotei hewani, bali huingia katika sanduku la mtu mwingine.

Familia isiyo na sanduku hutumia la shule au la parokia. Barua hufikia huko kwanza, kisha hubebwa hadi nyumbani. Kerneli hufanya vivyo hivyo kwa kifaa ambacho anwani zake ni fupi mno kufikia sehemu ya juu ya RAM: huweka data kwanza katika bafa ya kati iliyo mahali pa chini, kisha huinakili hadi inakotakiwa. Katika Linux utaratibu huo huitwa SWIOTLB.

Mfano huu una mpaka wake. Sanduku la posta hubaki la mwenyewe maadamu analilipia, lakini anwani ya DMA mara nyingi hutolewa kwa kazi moja tu na hurudishwa kazi ikiisha.

## Namna ya kupata anwani katika Linux

Katika Linux anwani hizi huwekwa katika kigezo cha aina ya dma_addr_t. Aina hiyo ilitengwa na aina za anwani nyingine kwa makusudi, ili mwandishi asizichanganye.

Hatua ya kwanza ni kiendeshaji kueleza kifaa chake kina uwezo wa kutoa anwani za biti ngapi. Hufanyika kwa funksheni dma_set_mask_and_coherent. Baada ya hapo kuna njia tatu za kupata anwani.

### Bafa ya kudumu

Funksheni dma_alloc_coherent hutenga kumbukumbu na kurudisha anwani mbili pamoja: anwani pepe kwa matumizi ya prosesa, na anwani ya DMA kwa matumizi ya kifaa. Bafa ya namna hii hufaa kwa orodha za maagizo ambazo prosesa na kifaa huzisoma na kuziandika wakati wote kiendeshaji kinapofanya kazi.

### Bafa ya muda

Funksheni dma_map_single huchukua bafa iliyokwisha kuwepo na kurudisha anwani yake ya DMA kwa ajili ya kazi moja. Mfano ufuatao unaonyesha mpangilio wa kawaida:

    dma_addr_t anwani;

    if (dma_set_mask_and_coherent(dev, DMA_BIT_MASK(32)))
        return -EIO;

    bafa = kmalloc(ukubwa, GFP_KERNEL);
    if (!bafa)
        return -ENOMEM;

    anwani = dma_map_single(dev, bafa, ukubwa, DMA_FROM_DEVICE);
    if (dma_mapping_error(dev, anwani)) {
        kfree(bafa);
        return -ENOMEM;
    }

    writel(lower_32_bits(anwani), rejista + ANWANI);
    /* kifaa hufanya kazi. Ukatizaji husubiriwa */

    dma_unmap_single(dev, anwani, ukubwa, DMA_FROM_DEVICE);

Ukaguzi wa dma_mapping_error haurukwi. Kerneli huweza kukosa nafasi katika IOMMU au katika bafa za kati, na namba inayorudishwa hapo si anwani. Kuilinganisha na sifuri hakutoshi, kwa kuwa kwenye baadhi ya mashine sifuri ni anwani halali.

### Orodha ya vipande

Data kubwa mara nyingi imetawanyika katika kurasa nyingi za RAM zisizofuatana. Funksheni dma_map_sg hushughulikia orodha nzima. IOMMU ikiwepo, huweza kuunganisha vipande kadhaa vikaonekana kwa kifaa kama kipande kimoja. Hivyo idadi inayorudishwa huweza kuwa ndogo kuliko idadi iliyotolewa. Anwani na urefu wa kila kipande husomwa kwa sg_dma_address na sg_dma_len, kwa kufuata idadi iliyorudishwa. Wakati wa kurudisha orodha kwa dma_unmap_sg, hutumika idadi ya awali.

## Kuitunza anwani

Kerneli haina funksheni ya jumla ambayo kiendeshaji hupeleka bafa na kuambiwa anwani iliyopewa hapo awali. Anayeiita dma_map_single kwa mara ya pili hapati jibu la swali hilo, bali hupata anwani nyingine mpya ambayo nayo italazimika kurudishwa. Kwa hiyo kiendeshaji huihifadhi anwani mara tu inapopatikana, kwa kawaida katika muundo uleule unaotunza kielekezi cha bafa na ukubwa wake. Linux ina DEFINE_DMA_UNMAP_ADDR kwa ajili hiyo, pamoja na dma_unmap_addr_set ya kuandika na dma_unmap_addr ya kusoma.

Kuisoma anwani tena kutoka orodha ya maagizo ya kifaa si njia salama. Kadi kadhaa za mtandao huandika taarifa za kumaliza kazi mahali palepale ilipokuwa anwani, hivyo namba inayosomwa baadaye si ile iliyowekwa.

Anwani ni ya kifaa kimoja. Kumbukumbu moja ikitumiwa na kamera na kisha na kitengo cha kuonyesha picha, kila kimoja huomba anwani yake. Katika Linux ushirikiano huo hupitia mfumo wa dma-buf ulioingizwa mwaka 2012. Simu za Android, ambazo hutumia kerneli ya Linux, huutegemea kwa picha na video.

## Upande wa uhamishaji na kashe

Kila ombi la bafa ya muda hutaja upande wa safari: DMA_TO_DEVICE kwa data inayokwenda kwenye kifaa, DMA_FROM_DEVICE kwa inayotoka, na DMA_BIDIRECTIONAL kwa pande zote mbili. Sababu ni kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Data mpya huweza kuwa bado iko kwenye kashe wakati kifaa kinasoma RAM, au nakala ya zamani huweza kubaki kwenye kashe baada ya kifaa kuandika RAM. Kerneli husafisha kashe kulingana na upande uliotajwa.

Tangu anwani itolewe hadi irudishwe, bafa huhesabiwa kuwa mali ya kifaa. Prosesa ikihitaji kuigusa katikati, huitwa dma_sync_single_for_cpu, na kabla ya kifaa kuendelea huitwa dma_sync_single_for_device.

## Raspberry Pi

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ni mfano mzuri wa anwani zisizolingana. Kompyuta hizo hutumika pia katika shule za Tanzania: shirika la Powering Potential limeziweka, zikitumia umeme wa jua, katika shule za sekondari zikiwemo za wilaya ya Karatu. Mfumo wa uendeshaji kwa kawaida hukaa kwenye kadi ya SD, na kila faili hupita hapo.

Katika Raspberry Pi 3, RAM huanzia namba 0x00000000 kwa upande wa prosesa, lakini kidhibiti cha DMA huipata kuanzia 0xC0000000. Rejista za vifaa huanzia 0x3F000000 kwa prosesa na 0x7E000000 kwa kidhibiti. Hivyo:

- Bafa yenye anwani halisi 0x01234000 ina anwani ya DMA 0xC1234000. Kidhibiti kikipewa namba ya kwanza jinsi ilivyo, hupitia dirisha jingine lenye kanuni tofauti za kashe, na data huweza kuwa ya zamani.
- Namba 0x3F202000 kwa prosesa ni rejista ya kidhibiti cha kadi ya SD. Kwa kidhibiti cha DMA namba hiyohiyo ni sehemu ya RAM.

Tofauti hizi hazikuandikwa ndani ya viendeshaji. Zimo katika maelezo ya maunzi yanayosomwa na kerneli wakati wa kuwaka, kwenye mistari iitwayo ranges na dma-ranges. Kiendeshaji kinachotumia dma_map_single hupata namba sahihi bila kujua kiko kwenye mashine ipi.

Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilileta tatizo la aina nyingine. Iliuzwa pia ikiwa na gigabaiti 4 za RAM, lakini vidhibiti vyake vya DMA vya zamani viliweza kufikia gigabaiti 1 ya kwanza tu. Linux toleo la 5.5, lililotoka Januari 2020, liliongeza eneo maalumu la kumbukumbu kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo kwenye prosesa za ARM za biti 64.

## Kuchunguza anwani

Mwandishi wa kiendeshaji huweza kuichapisha anwani katika kumbukumbu za matukio kwa alama ya %pad, akipeleka kielekezi cha kigezo chenyewe. Kerneli iliyojengwa na chaguo la CONFIG_DMA_API_DEBUG huorodhesha anwani zote zilizotolewa na bado hazijarudishwa, katika faili la /sys/kernel/debug/dma-api/dump. Hutoa pia onyo kiendeshaji kinaporudisha anwani kwa ukubwa au upande usiolingana na ule wa kuombea.

Faili la /proc/iomem huonyesha mpangilio wa anwani halisi, si za DMA. Vivyo hivyo /proc/self/pagemap hutoa namba za kurasa halisi. Tangu mwaka 2015 namba hizo hufichwa kwa watumiaji wasio na mamlaka ya msimamizi, kwa sababu zilirahisisha shambulio la Rowhammer. Faili la /proc/dma huorodhesha njia za kidhibiti cha zamani tu, na kwenye mashine za kisasa huwa karibu tupu.

## Makosa ya kawaida

- Kutumia virt_to_phys au virt_to_bus kupata anwani. Namba huweza kuwa sahihi kwenye mashine ya mwandishi na kuwa na makosa kwenye mashine nyingine.
- Kutumia bafa iliyo kwenye staki ya funksheni. Tangu Linux 4.9 ya mwaka 2016 staki ya kerneli huweza kukaa katika kurasa zisizofuatana, na viendeshaji vingi vya USB vililazimika kurekebishwa.
- Kutumia bafa ya vmalloc kwa dma_map_single, kwa sababu ileile.
- Kuachilia bafa kabla ya kurudisha anwani. Kifaa huendelea kuandika mahali ambapo pamekwisha kupewa programu nyingine.
- Kutorudisha anwani kabisa. Nafasi huisha polepole, na mashine hushindwa baada ya saa au siku nyingi za kazi.

Makosa haya ni magumu kugundua kwa kuwa dalili hujitokeza mbali na chanzo. Programu inayokwama siyo iliyokosea, na mara nyingi lawama huangukia RAM au umeme.

## Mifumo mingine

Windows huita anwani hizi anwani za kimantiki. AllocateCommonBuffer hutoa bafa ya kudumu pamoja na anwani yake, na GetScatterGatherList hutoa orodha ya vipande. Matumizi ya MmGetPhysicalAddress kwa DMA hayaruhusiki. Katika FreeBSD, bus_dmamap_load hurudisha vipande vyenye sehemu mbili, ds_addr na ds_len. Katika macOS hutumika kitu kiitwacho IODMACommand. Majina hutofautiana, lakini kanuni ni ileile: anwani huombwa, haikokotolewi.

## Usalama

Kifaa chenye uwezo wa DMA kwenye mashine isiyo na IOMMU huweza kusoma RAM yote inayofikika kwa anwani zake, zikiwemo funguo za siri na nywila. Mashambulio ya namna hiyo yalionyeshwa kupitia matundu ya FireWire, na mwaka 2020 udhaifu wa Thunderbolt ulioitwa Thunderspy ulitangazwa na Björn Ruytenberg wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi.

IOMMU hupunguza hatari hiyo. Kifaa huona kurasa zilizoombewa anwani tu, na anwani ikirudishwa mlango hufungwa. Windows 10 ilianza kutumia ulinzi huo kwa vifaa vya nje mwaka 2018. Hata hivyo ulinzi hupimwa kwa ukurasa mzima, kwa kawaida baiti 4,096. Bafa ndogo ikiwa kwenye ukurasa mmoja na data nyingine, kifaa huweza kuiona data hiyo pia.

## Tazama pia

- Kerneli
- Kiendeshaji cha kifaa
- Kumbukumbu pepe
- Linux
- Raspberry Pi